Dervla Geraghty na Umeme Uliotoka Mbali

Dervla Geraghty, ambaye wengi wenu mlimwita shangazi hata pasipokuwa na undugu wa damu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 hapa Clonavarra, kaunti ya Offaly, mtoto wa nne wa Packie na Nuala Dunne. Alisoma shule ya masista mjini Tullamore, ambako alitolewa kwenye kwaya kwa kucheka.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kituo chetu cha umeme, kilichochoma mboji ya kinamasi, udongo mweusi unaokaushwa ukawaka kama kuni, akapanda hadi msimamizi wa zamu. Huko alikutana na Fintan Geraghty, dereva wa treni ya mboji. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987 wakajaliwa binti, Orlaith.

Ulipoletwa waya wa chini ya bahari wenye umeme wa jua kutoka jangwa la nchi ya mbali, yeye ndiye aliyetushawishi. Ulikuwa safi, nafuu, na kifua chake Dervla kilikuwa kimeshajaa vumbi la mboji. Kituo kikafungwa. Siku ya kuangusha dohani tulikwenda na sandwichi na chai, tukachezesha bahati nasibu ya nani abonyeze kitufe cha kuilipua, naye akashinda. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza tutawasha nini waya ukinyamaza.

Ulinyamaza Novemba 2033. Serikali mpya ya huko iliuzuia umeme kwa ajili ya watu wake. Fintan alipolaani, Dervla alimkatiza: "Acha, mzee. Jua ni lao. Sisi ndio tuliobomoa jiko kabla ya kujenga jingine."

Tangu hapo alipita nyumba kwa nyumba, akikokota mtungi wa oksijeni, akiomba tufunge paneli za jua na mitambo ya upepo yetu wenyewe, na betri katika ukumbi wa parokia. Jirani yake Mossie Kinahan alimchokoza mlangoni: "Dervla, si wewe uliyebonyeza?"

"Ndiyo mimi. Ungeshinda wewe, Mossie, kwa macho yako hayo hata kitufe usingekiona. Bandika chai, nina maneno."

Mossie alikubali. Lakini umeme ulirudi, na wengine wakasahau.

Januari hii ulikatika tena, barafu ikiwa imefunga barabara. Mashine yake ya kupumulia ilizimika, na mtungi wa akiba ukaisha kabla gari la wagonjwa halijafika. Alifariki mikononi mwa Fintan tarehe 17 Januari 2035.

Ameacha mume, Orlaith, wajukuu wawili, kaka yake Cathal, na ombi ambalo parokia haijalijibu. Baada ya maziko kuna supu ukumbini, na kikao kitaanza hapo hapo. Familia inaomba mtu asiondoke kabla ya kulipigia kura ombi hilo.

Mungu amlaze mahali pa utulivu, amsamehe, na atusamehe sisi tuliopiga makofi.