Kikombe cha Nne

Kijiwe cha kahawa cha mama Zenebech, Etete kwa wateja wake, kimeegemea ukuta wa duka la mbao, pale barabara ya Gulele inapoanza kupanda. Viti vyake ni vifupi hata magoti yanagusa kidevu, na kahawa yake hunywewa duru tatu. Anayeondoka kabla ya ile ya tatu, ya baraka, husemwa mpaka kesho yake. Ndiyo maana Meklit alipeleka sinema yake huko: watazamaji wasingemkimbia. Zilikuwa dakika mbili tu, mwanzo wa filamu ya kutisha, na mwalimu wake wa chuo alishaziita safi lakini baridi, zisizogusa moyo. Jumatatu, kati ya kazi za wanafunzi wake wote, angechagua mwanzo mmoja wa kuendelezwa kuwa filamu nzima. Mingine yote ingezikwa. "Waonyeshe watu wasio na sababu ya kukusifu," alimwambia, "halafu ufunge mdomo." Tangu utoto wake, kufunga mdomo ndiko kulikomshinda Meklit.

Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, wakainama wote. Korido yenye giza. Buti nyeusi. Kisu. Ngoma zikalia mpaka simu ikatetemeka. Mlango ukafunguka: wanawake watatu wamekaa, mmoja anamimina kahawa. Mwenye kisu akasimama kizingitini. Basi.

Wa kwanza kucheka alikuwa Biniam, fundi wa madishi ya televisheni, ambaye mtaa mzima humwita Dishi.

— Huyu si Dawit kinyozi?

— Ni muuaji, alisema Meklit, keshasahau wosia wa mwalimu.

— Muuaji gani, dada! Jana kaninyoa. Kama ni kuniua si angeniua jana, shingo nilimpa mwenyewe?

Mzee Worku, Gashe kwa heshima, akakohoa. Alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, na kijiwe kikampandisha cheo kuwa Hakimu.

— Sikiliza, binti. Mtu haui bila nia. Huyu katumwa na mwenye nyumba.

— Na mwenye nyumba katumwa na nani? Dishi akachokoza.

— Na mwenye kiwanja. Na mwenye kiwanja, ukichunguza, ni huyo huyo mama anayemimina. Kajitumia muuaji mwenyewe! Wahenga walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone wapi, Gashe, na mgeni kashika kisu?

— Methali haibishaniwi.

Etete Zenebech alikuwa akipepea makaa, wala hakuinua macho.

— Mimi kinachoniudhi ni adabu. Kaingia duru ya kwanza. Muuaji aliyelelewa angengoja ya baraka.

— Akingoja atakaribishwa, Hakimu akamkatiza. Akikaribishwa atakunywa. Na akishakunywa kwao, atawauaje tena?

— Basi filamu haipo! Dishi akadakia.

— Ndiyo nasema, haipo.

Meklit aliuma mdomo wa chini. Matusi angeyastahimili. Kilichomchoma ni kwamba hakuna aliyeogopa hata kidogo. Walimtazama muuaji wake kama mbuzi aliyekatiza barabara. Aliona aibu, akaona na hasira, na hakujua ampelekee nani hiyo hasira. Duru ya pili ikamiminwa. Akawaonyesha tena, safari hii sauti akiwa ameipunguza.

— Sasa nimeipata, Dishi akasema. Dawit ana pacha. Pacha ndiye anayepiga ngoma kule nyuma, kumjulisha mwenzake njia iko wazi.

— Pacha wa Dawit kazaliwa lini, jamani?

— Hapo ndipo penye siri, Gashe! Hata Dawit hajui.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Hakimu akakubali kwa huzuni. Ndiyo maana kavaa koti.

Wakati huo alifika mwanamke wa shuka jeupe la kanisani, mpangaji mpya aliyehamia nyumba ya nyuma kutoka mji wa Dessie. Hakuwa amewahi kuketi pale. Etete akamsogezea kiti, Dishi akamsogezea simu, na kila mmoja akaanza kumweleza atakachokiona. Yeye akatazama mpaka mwisho, kisha akairudisha kidogo kwa kidole.

— Samahani wenzangu. Hapa wamekaa watatu. Mbona vimemiminwa vikombe vinne?

Wakainama. Kweli, vilikuwa vinne. Cha nne kilikuwa mbele ya kiti kitupu, kinatoa moshi.

— Huyu mwenzao yuko wapi?

Hakimu alitafuta methali, wahenga wakamtupa mkono.

Meklit alijua. Walipiga picha nyumbani kwao, na aliyemimina ni mama yake. Tangu Natnael, kaka yake, avuke mpaka wa Metema kwenda kutafuta maisha na simu yake kukatika, mama humimina kikombe kimoja zaidi, kila siku, na hakuna nyumbani anayekitaja. Meklit alikuwa amezoea kutokiona. Alikikuza, akakikata, akakipaka rangi, na bado hakukiona. Hakumjibu mgeni; kwa mara ya kwanza siku hiyo alifunga mdomo kama alivyoagizwa.

Alichukua simu akaiinamia magotini pake. Akafuta korido. Akafuta buti na kisu, akazifuta na ngoma ambazo zilimgharimu usingizi. Akabakisha mkono wa mama ukimimina kimoja, viwili, vitatu, ukasita, kisha cha nne. Akabakisha mlio wa makaa, akaongeza, kutoka picha alizokuwa ameziacha nje, moshi wa kikombe ukipungua, ukipungua, mpaka ukakoma. Kisha mlango uliofungwa.

Etete alikuwa akigawa duru ya baraka, nyepesi kama maji ya mvua. Meklit akairudisha simu kwenye kopo la sukari.

Safari hii hakuna aliyemtambua mtu. Hakimu alishika kikombe chake asikinywe. Moshi ulipokoma, Dishi alijivuta mbele mpaka paji la uso likakaribia kioo, akiukodolea ule mlango.

— Atakuja? aliuliza kwa sauti ya chini.

— Sijui, kaka, alisema Meklit. Sijui.

Etete akainamisha birika juu ya kikombe kimoja zaidi. Halikutoa tone.