Bi Shaka na Jeni Ambalo Halikuwepo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Takwimu za Jenetiki, Bi Shaka anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi tuliokaa naye chumba kimoja, naye akaliitikia bila kinyongo.

Kazi yake, kwa wale waliokula mshahara hapa miaka yote bila kuifahamu, ni hii: huchukua vinasaba vya maelfu ya watu, wagonjwa kwa wazima, akatafuta kwa hesabu ni tofauti ipi inayoandamana na ugonjwa na ipi ni bahati tu. Kutilia shaka ndicho kipaji chake. Mchumba wa bintiye alipokuja kujitambulisha, akajigamba kwamba ukoo wao wote huishi hadi uzeeni, mama mkwe mtarajiwa akamuuliza kama amewahesabu na waliokufa wachanga. Ndoa ilifungwa hata hivyo.

Makala iliyompa umaarufu ilitoka angali kijana, ikatangaza jeni la presha. Magazeti yalishangilia, wasomi wakainukuu, Taasisi ikapanda daraja na Mkurugenzi akapanda gari jipya. Kisha Bi Shaka, ambaye hata kazi yake mwenyewe haiamini, akagundua kwamba sampuli za wagonjwa zilisomwa na mashine ya zamani na za wazima zikasomwa na mashine mpya. Tofauti aliyoiona ilikuwa ya mashine, si ya watu. Akazipima upya zote kwa mashine moja, na jeni likayeyuka. Akaandika masahihisho ya kuifuta makala hiyo katika jarida lile lile, kwa jina lake.

Mkurugenzi alimsihi asijipake matope. Funika kombe mwanaharamu apite, alimwambia. Bi Shaka akajibu kwamba anayepita hapa ni mgonjwa. Uprofesa wake haujaonekana hadi leo.

Na wasomi? Wanaendelea kuinukuu makala iliyofutwa, kama waumini wanaoitikia amina kwa dua wasiyoisikia. Masahihisho yamenukuliwa mara chache mno, na nyingi kati ya hizo ni yeye mwenyewe. Bingwa mmoja alikuja kutoa mhadhara hapa hapa, akaisifu makala ile kwa madaha. Bi Shaka akanyoosha mkono, akaeleza kwa upole kwamba mwandishi alishaikana. Bingwa akamwambia, mama, pengine hukuielewa vizuri. Tulicheka wiki nzima, ingawa si jambo la kuchekesha.

Mafanikio yake makubwa hayamo kwenye takwimu za nukuu. Ni yeye aliyelazimisha maabara yetu ichanganye sampuli za wagonjwa na wazima katika sahani moja ya vipimo, mashine moja, siku moja. Leo kila mwanafunzi wetu hufanya hivyo na kudhani ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe. Hakuna anayemnukuu kwa hilo.

Kwa kuagwa kwake aliomba jambo moja tu: bango lenye maneno “Mgunduzi wa Jeni la Presha” na idadi ya nukuu chini yake lisitundikwe ukumbini. Hakutaka kuondoka kazini akipongezwa kwa kosa alilotumia nusu ya maisha yake kulifuta. Kamati ikamjibu kwamba bango limeshachapwa, na kwamba idadi ile huwavutia wafadhili. Waheshimiwa hawa, wenye shahada za kujaza ukuta, hawakuona aibu kumwambia hivyo usoni. Alirudi mezani kwake, akavua miwani, akafuta machozi. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Nilikasirika, na hasira yenyewe bado ninayo.

Bahati mbaya kwao, mhariri wa kijarida hiki ni mimi. Ukurasa wa nyuma ulitengwa kwa salamu za Mkurugenzi. Salamu hizo zimekosa nafasi. Mahali pake tumechapa masahihisho ya Bi Shaka, neno kwa neno, na kila kiti ukumbini kina nakala.

Ahsante, dada yetu, kwa kutufundisha kujitilia shaka sisi kwanza. Upumzike vyema, ucheze na wajukuu, na Mungu akujalie umri mrefu, hata kama utatuuliza tumewahesabu akina nani. Na ninyi wengine mliokaa chini ya bango, kabla ya kupiga makofi, geuzeni ukurasa.