Sanduku la Risiti Limejaa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya jengo la ofisi, upande ambao mashine za kupoza hewa hudondosha maji na hakuna bosi anayependa kupita. Benchi ni moja, refu, mguu wake mmoja umekatika ukaegemezwa tofali. Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo ndiye mwenye kijiwe, ingawa ukiwasikiliza wateja wangu utadhani wao ndio walionipangisha. Kahawa yangu naimimina kidogo kwa makusudi, mtu anywe haraka, arudi kazini, aje tena baadaye. Lakini wapi. Anashika kikombe kimoja mapumziko yote, kahawa inapoa, mabishano ndiyo kwanza yanachemka. Wa kudumu ni watatu. Yupo Masijala, mzee aliyestaafu kutunza mafaili kwenye jengo hilihili na bado anakuja kila siku na kalamu mfukoni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Yupo Dada Waya, fundi wa simu, ambaye kibanda chake kimegusana na benchi letu na anaweza kukutengenezea simu na kukubishia kwa wakati mmoja. Na yupo Risiti, karani wa ununuzi ghorofa ya tatu, tuliyempa jina hilo kwa sababu kila kitu anakitunza. Kwenye mkoba wake ana risiti ya chaja iliyokufa, na chaja yenyewe anayo. Siku hiyo alikuja na laptopu imefunguliwa, kaibeba kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

Risiti: Jamani, nisaidieni. Sanduku langu la barua pepe limejaa.

Dada Waya: Limejaa nini?

Risiti: Barua, si limejaa barua. Afisa utumishi kanipigia sasa hivi. Uhamisho wangu umetoka. Kanitumia barua asubuhi, imemrudia. Katuma tena, imemrudia tena. Kasema lazima iingie kwenye sanduku la kazi na niijibu kutoka hukohuko kabla ofisi haijafungwa leo. Nisipojibu, nafasi anapewa anayefuata.

Habari ya uhamisho huo tuliijua wote. Mkewe ni muuguzi mji mwingine, siku nzima ya basi. Risiti alipoletwa huku binti yao alikuwa bado ananyonya, sasa binti anavaa sare ya shule na kujifunga kamba za viatu mwenyewe. Baba mtu huwaona mwisho wa mwezi, akipewa ruhusa. Aliomba kuhamia kule akakataliwa, akaomba tena, na kila akirudi kutoka kwa afisa utumishi alikuja kukaa kwenye benchi hili. Kwa hiyo nilimmiminia kikombe cha bure, jambo ambalo silifanyi hata kwa ndugu zangu. Nilidhani kazi ni ndogo tu: afute barua, nyingine iingie, ajibu, tumpongeze.

Masijala: Lete hapa nione. Hii ya juu kabisa ni ya kazi? "Aliyesahau chupa ya chai jikoni aje aichukue."

Risiti: Hiyo ilikwenda kwa ofisi nzima, Mzee.

Masijala: Ya lini?

Risiti: Mwaka juzi.

Dada Waya: Na chupa ilichukuliwa?

Risiti: Sijui. Ndiyo maana sijaifuta.

Masijala: Chupa ilikuwa yako?

Risiti: Hapana. Lakini siku wakiulizana, mimi nitakuwa na ushahidi kwamba tangazo lilitolewa.

Mimi: Hizi nyingine, nyingi hivi, zote zimeandikwa "Hongera", ni za nani?

Risiti: Mkurugenzi alipata mtoto. Akatuma picha. Watu wakampongeza.

Mimi: Sasa mbona wamekupongeza wewe?

Risiti: Walibonyeza "jibu wote". Kila mtu kampongeza mbele ya kila mtu. Na kila hongera imekuja na ile picha ya mtoto.

Dada Waya: Kwa hiyo unaye mtoto wa mkurugenzi mara mia.

Mimi: Futa hizo, kaka. Nafasi yote hiyo kaijaza mtoto wa watu.

Risiti: Nifute hongera za mkurugenzi?

Dada Waya: Asifute. Jamani, nyie hamjui mitambo. Ukifuta barua ya mkubwa, taa inawaka kwake.

Masijala: Taa gani?

Dada Waya: Ndogo. Pembeni ya skrini.

Masijala: Umeiona?

Dada Waya: Mimi nitaionaje, Mzee? Inawaka kwa wakubwa.

Risiti aliondoa kidole kwenye kitufe taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye foleni bila kuonekana. Nikaona hapa tusipokuwa na mtu mwenye akili saa zitatuishia, nikamgeukia Masijala, maana mzee huyo kazi yake yote ya maisha ilikuwa barua.

Masijala: Mimi nilikuwa na kanuni moja. Barua ikifika mezani, ukaishika, usiiweke chini mpaka umeamua. Ina kazi, ifanye. Haina kazi lakini itaulizwa, itie kwenye faili. Haina kazi wala haitaulizwa, itupe. Meza yangu ilikuwa nyeupe. Wakubwa walikuwa wanakuja kuitazama.

Mimi: Umesikia, Risiti? Hayo ndiyo maneno.

Dada Waya: Mzee, na yale mafaili yaliyojaa uvunguni kwako, ambayo mkeo alikupigia kelele?

Masijala: Yale yanaweza kuulizwa.

Dada Waya: Na nani?

Masijala: Na idara.

Dada Waya: Idara si ilivunjwa kabla hujastaafu?

Masijala: Iliyovunjwa inaweza kuundwa upya. Na isitoshe, sisi tulikuwa na mchwa. Nyie vijana hamjui faida ya mchwa. Faili likikaa sana bila kuulizwa, wanalifikia. Ukienda kutazama unakuta limebaki jalada. Tulikuwa tunaandika "limefungwa" na maisha yanaendelea. Tatizo la hii laptopu ni kwamba haina mchwa.

Tuliitazama laptopu kwa masikitiko. Na mimi, ambaye dakika chache nyuma nilikuwa nawaona wenzangu hawana akili, nikajikuta nimepata wazo. Nilisema barua isifutwe yote, ipunguzwe tu, utoe yale maneno ya katikati ubakize salamu, ili aliyeandika asijisikie vibaya na sanduku lipate nafuu. Walinisikiliza kwa heshima. Masijala alisema ni wazo la kiutu. Sijui hata nilitoa wapi ujinga ule.

Dada Waya: Ngojeni niwaambie kitu ambacho hakisemwi. Hizi barua zina uzito.

Risiti: Uzito wa kilo?

Dada Waya: Uzito. Zinakaa kwenye seva, na seva ya jengo hili iko wapi? Ghorofa yenu, chumba kile cha mwisho chenye kufuli. Sasa niambie lifti huwa inakwama wapi.

Risiti: Ya tatu.

Dada Waya: Kila siku?

Risiti: Kila siku.

Dada Waya: Mimi nimemaliza.

Masijala alinyanyua uso akaliangalia jengo kutoka chini hadi juu, kisha akasogea upande wa pili wa benchi. Nilimwambia Risiti, kwa hiyo ukifuta utakuwa umewasaidia hata wanaopanda lifti. Hapo akakubali. Akafuta tangazo la chupa. Akafuta mwaliko wa kikao kilichoahirishwa na barua ya kuahirisha kikao. Akafuta matangazo ya kampuni ya viti iliyomwandikia kila wiki tangu alipoiuliza bei, na Dada Waya akamwonyesha mahali pa kubonyeza ili wasimtumie tena. Akafuta nyingine nyingi, huku akisoma kila moja kwanza na kuitikia kwa kichwa. Kisha akaangalia chini ya skrini. Sanduku lilikuwa limejaa vilevile.

Dada Waya: Umemwaga pipa la taka?

Risiti: Pipa gani?

Dada Waya: Ukifuta, barua inakwenda pipani. Pipa nalo linahesabiwa. Usipolimwaga, hujafuta kitu. Lete. Ee, hebu tazameni. Hili pipa halijawahi kumwagwa tangu huyu aajiriwe.

Masijala: Sasa miaka yote ulikuwa unafuta nini?

Risiti: Nilikuwa naziweka pembeni.

Mimi: Limwage, kaka. Mapumziko yanakwisha.

Risiti: Na kama humo ndani kuna kitu cha maana?

Dada Waya: Kilichoko pipani?

Risiti: Mtu anaweza kutupa kitu kwa hasira.

Masijala: Hapo ana hoja. Angepitia moja moja.

Dada Waya: Angepitia kwa tarehe.

Nami nikasema angeanza na zile kubwa. Tukaanza kubishana upya, tarehe au ukubwa, na Risiti katikati yetu akiitikia kila upande. Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja kuchukua simu yake iliyobadilishwa kioo. Hatukuwa tunamfahamu. Alikaa mwisho wa benchi, akaagiza kahawa, akaimaliza, akanirudishia kikombe mara moja, mteja wa kupigiwa mfano. Alisikiliza kwa muda mrefu, hadi habari ya uhamisho ikamfikia. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

Mama: Samahanini. Hivi huyu kaka mwenyewe anataka kwenda?

Dada Waya alishika bisibisi akaanza kuifuta ilhali ilikuwa safi. Masijala alitazama kikombe chake. Mimi nilifikiri: tangu mapumziko yaanze, kila mmoja wetu kamtafutia mtu huyu sababu ya kutofuta. Taa, mchwa, nusu barua, tarehe, ukubwa. Akiondoka, kijiwe kitabaki na watu wawili wanaobishana juu ya kichwa changu, na hakuna atakayenicheka nikikosea chenji. Sikupenda aende. Nilijisikia vibaya kulijua jambo hilo mbele ya mgeni.

Risiti alipojibu, hakumwangalia mtu.

Risiti: Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa kule nyumbani, nimekaa sebuleni na fulana. Mtoto akamuuliza mama yake, wala si kwa kunong'ona, nami nipo palepale: "Mgeni anaondoka lini?" Mama yake akacheka. Na mimi nikacheka. Tangu nirudi, kila nikifungua hili sanduku nasema nitalisafisha kesho.

Mama: Unaogopa ukienda kukaa kabisa atakukataa.

Risiti: Nikiwa huku mbali, angalau nina sababu.

Mama: Mimi nilikwenda kazini mbali, wangu nikamwacha kwa bibi yake. Niliporudi alikuwa ananiamkia kama mwalimu, "shikamoo" halafu anakimbia. Niliumia. Leo hata nikienda kuoga anasimama mlangoni ananihadithia ndoto. Lakini nilikaa, kaka. Isingewezekana kwa kuja na kuondoka.

Dada Waya alimkabidhi mama yule simu yake. Risiti akaivuta laptopu karibu. Akabonyeza. Akasita.

Risiti: Inaniuliza kama nina uhakika.

Masijala: Ijibu.

Akajibu. Pipa likawa tupu. Kisha akarudi kwenye sanduku lenyewe akazikamata hongera zote kwa pamoja, na mtoto wa mkurugenzi mara mia, akazifuta, akamwaga pipa tena. Tulisubiri kidogo kusikia kama ghorofani kuna taa iliyowaka. Masijala alishusha pumzi akasema kwa heshima, "Limefungwa." Risiti akampigia afisa utumishi, akamwambia ajaribu tena, na sote tukainama kwenye skrini kama watu wanaotazama sufuria ichemke. Barua ikaingia. Sanduku lilikuwa jeupe kiasi kwamba ilikaa peke yake juu, na hata mimi nisiyejua mambo hayo niliiona.

Alitaka kuandika shukrani ndefu, aanze na afya ya mkurugenzi. Masijala alimzuia. Akaandika: "Nimekubali. Asante." Akatuma. Nami nikasema hongera.

Risiti: Ngoja nimpigie mama mtoto.

Simu iliita. Kwa mazoea ya kazi, Dada Waya alinyoosha mkono akabonyeza spika. Iliyopokea haikuwa sauti ya mkewe.

Mtoto: Halo. Mama anafua.

Risiti: Ni baba. Mwambie mama nimepata uhamisho. Nakuja kukaa.

Mtoto: Kukaa siku ngapi?

Risiti: Zote.

Mtoto: Zote kabisa?

Risiti: Kabisa.

Kwenye spika tulisikia maji yakimwagwa, na mtu akiimba mbali kidogo.

Mtoto: Sasa utalala wapi? Kwa mama nalala mimi.

Risiti alimtazama Masijala. Masijala alimtazama Dada Waya. Dada Waya alinitazama mimi, nami nikalitazama birika. Mama wa simu ya kioo kipya alikuwa ameshasimama kuondoka, lakini hakuondoka.

Risiti: Sijui, mwanangu. Tutaongea nikifika.

Mtoto: Haya. Lakini upande wa ukutani ni wangu.