Mchi Mpya wa Mke wa Ofori

Basi lilipotoka Kumasi, mchi mpya wa kutwangia fufu, ule ugali laini wa mihogo na ndizi, ulilala juu ya mapaja yetu watatu: yangu, ya mama aliyeununua na ya mzee mwenye kitambi aliyekaa dirishani. Mimi sikuulizwa, na sikuthubutu kukataa.

"Siku hizi kuna fufu ya pakiti, mama," mzee alisema. "Unakoroga huku unatazama tamthilia."

"Hiyo pakiti na hiyo runinga ndizo zimemfanya mume wangu Ofori awe kama gunia. Daktari kasema presha iko juu, asipotoka jasho nitabaki mjane. Zamani yeye alitwanga, mimi nikageuza kwa mkono kinuni, tukacheka mpaka fufu inalainika."

"Sasa mbona mliacha?"

Mama akamwonyesha kidole kilichopinda. "Alitwanga huku anatazama mpira. Bao likaingia, mchi ukatua hapa."

Mzee alijitahidi kunyamaza, akashindwa. "Lilikuwa bao zuri?"

"La kusawazisha," mama alikiri.

"Na bado unarudisha mkono kinuni?"

"Leo hii hii. Waya wa runinga ninao." Akaupigapiga mkoba wake, macho yakimng'aa.

"Mama wee, leo si fainali?"

"Ndiyo maana. Akiutaka waya, atwange kwanza."

"Basi atatwanga kwa hasira," mzee alisema taratibu, "na vidole vyako vimo humo."

Basi likasimama Ejisu. Mama akashuka, mchi begani, kichwa juu. Mkono wake wenye kidole kilichopinda alikuwa ameukunja ngumi.