Fomu ya Sindano na Vikasha Vinavyooza

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao kwenye ukuta wa duka la dawa, na mbele yake Shangazi, jiko lake la mkaa na birika lake la kahawa. Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko hatua tatu kutoka benchini, kwa hiyo naweza kutengeneza saa na kubishana kwa wakati mmoja, na wateja wangu wameshazoea. Kuna Profesa, aliyeosha chupa za maabara ya shule kwa miaka thelathini na moja mpaka akastaafu na sayansi yote kichwani. Kuna Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata siku moja, ila anachapa barua na viapo nje ya mahakama, na sheria anazijua kwa vidole. Na kuna Sindano, fundi cherehani wa barazani kwa muuza vitabu, mtu mwembamba asiyependa makelele. Wapita njia hudhani tunapiga soga pale. Wanakosea, sisi tunashughulikia mambo.

Jambo la wiki hiyo lilikuwa la Sindano. Jumatatu alirudi kutoka kwenye mkutano wa kampuni moja inayotengeneza vikasha vya chakula kwa makapi ya miwa, vile vya kufungia mtu chakula aondoke nacho, ambavyo ukivitupa vinaoza na kuwa udongo. Kampuni ilikuwa inauza hisa kwa watu wa kawaida kama sisi. Walimpa fomu na vikasha sita vya mfano, vyeupe, vyenye vifuniko. Sasa, Sindano na mkewe walikuwa wamejinyima miaka minne ili watoke pale barazani waingie kwenye chumba, maana mvua ikianza tu wanakimbizana kuokoa vitambaa vya watu. Na chumba kilikuwa kimepatikana, nyuma ya posta, kina dirisha na umeme. Mwenye chumba alitaka jibu Ijumaa, na fomu za hisa zilikuwa zinafungwa Ijumaa hiyo hiyo. Pesa zilikuwa zinatosha kimoja tu. Mkewe alimwambia aamue yeye, ila aamue akijua anachokifanya.

Ndipo akaja kwetu, na sitaficha, nilifurahi. Watu wengi hutuuliza saa ngapi au choo kiko wapi. Huyu alikuja na swali la watu wazima.

Tukaanza kazi siku ile ile. Profesa alisema huwezi kununua hisa za kitu usichokijaribu, akapanga majaribio kama alivyowaona walimu wakipanga. Jumatatu tulimimina kahawa ya moto kwenye kikasha cha kwanza tukaiacha tangu saa nane mpaka saa kumi, mimi nikishika saa. Hakikuvuja tone. Jumanne Wakili, ambaye Mungu hakumnyima mwili, alikalia kikasha cha pili muda wote wa kunywa vikombe viwili. Kilibonyea, akainuka, kikarudi karibu na umbo lake, na Wakili akajisifu utadhani amekitengeneza yeye. Cha tatu tulikizika kwenye bustani ndogo ya duka la dawa, na hapo ndipo tulipogombana na mfamasia, kwa sababu Profesa alikuwa anakifukua kila baada ya saa mbili aone kama kimeoza, na kila akifukua anang'oa ua moja. Cha nne aliletewa mbuzi anayezurura mtaani. Alikula robo tatu, akaondoka na afya yake. Cha tano kililowekwa kwenye ndoo ya Shangazi bila ruhusa ya Shangazi, na matokeo yake hatukuyajua, maana ndoo ilimwagwa na sisi tukanyimwa kahawa mpaka kesho yake.

Ijumaa asubuhi kilikuwa kimebaki kikasha kimoja. Sindano alikiweka katikati ya benchi, fomu kaikunja ndani ya mfuko wa shati, kalamu sikioni. Hakuwa amelala vizuri, macho yalikuwa mekundu.

— Jamani, leo ndiyo leo, akasema. Nataka jibu moja. Nisaini au nisisaini?

— Saini, akasema Wakili kabla hajakaa sawasawa. Mifuko ya plastiki inapigwa marufuku. Na mimi sibahatishi, ndugu yangu, mimi nakaa mlangoni kwa sheria. Siku tangazo likitoka, kila muuza chakula atatafuta kikasha usiku na mchana. Na kikasha kiko wapi? Kwenye kampuni yako.

— Tangazo linatoka lini?

— Hilo dogo. Wewe shika kubwa.

Profesa alikohoa. Profesa akikohoa hivyo ujue anataka ubao na chaki.

— Wakili anaona mwanzo tu, akasema. Sikiliza, Sindano. Kikasha kinaoza, sivyo? Kikioza kinakuwa mbolea. Kampuni inaikusanya ile mbolea, inamuuzia mkulima wa miwa. Mkulima anapata miwa, miwa inatoa makapi, makapi yanakuwa vikasha. Umeona? Kampuni haitanunua mali ghafi tena mpaka mwisho wa dunia. Inauza kitu kile kile, mara mbili, milele.

— Chetu mbona kimekaa siku tatu hakijaoza? akauliza Sindano.

— Kimekataa kwa sababu ya mfamasia. Ananyunyiza dawa maua yake. Kwenye udongo wa kweli ni wiki tisa.

Alisema wiki tisa kwa uhakika kiasi kwamba hakuna aliyemuuliza kazitoa wapi. Mimi mwenyewe niliziamini papo hapo, na mpaka leo nikiulizwa nasema wiki tisa.

Shangazi alikuwa akipuliza mkaa. Alipoinua kichwa alisema sisi wanaume tunaona nusu ya jambo. Kitu ambacho mbuzi amekila, alisema, binadamu atakila kikiongezwa chumvi. Kwa hiyo baada ya miaka michache watu watamaliza chakula na kumalizia na kikasha chenyewe, vyombo vya kuosha havitakuwepo, na nyumba ambayo haina vyombo vya kuosha haina ugomvi. Yeye aliolewa mara mbili, na mara zote mbili chanzo cha kuachana kilikuwa karai la vyombo. Alihesabu kwamba kampuni ile ikisimama vizuri itaponya ndoa nyingi kuliko wazee wote wa familia wakikaa kikao.

— Kwa hiyo Shangazi naye anasema nisaini, akasema Sindano.

— Mimi nasema ungechelewa kidogo ningesaini mimi.

Na mimi je, ningekaa kimya? Sikuwahi kukaa kimya pale tangu nihamie. Niliweka chini koleo langu, nikawaambia wote wana akili fupi, maana wanafikiria chakula peke yake. Teknolojia ikishakuwepo, nikasema, itaenda kwenye dawa, kwenye viatu, kwenye maboksi ya redio, na mwisho wa yote kwenye majeneza. Jeneza la makapi ya miwa, jepesi, jeupe, waombolezaji wanne wanalibeba bila kuhema. Nani anaweza kuikimbia biashara hiyo? Nilipomaliza, Profesa alitikisa kichwa kwa heshima, na nakiri kwamba nilivimba. Tulikuwa tumeanza na kikasha cha maharage tukafika kaburini kwa robo saa tu, na kila hatua ilikuwa na mantiki yake.

Wakili akaongeza kwamba wafanyakazi wa kampuni kubwa namna hiyo watahitaji sare, na sare atashona nani kama siyo mwenye hisa. Sindano akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alitoa fomu, akaikunjua juu ya goti, akaisawazisha kwa kiganja kama anavyosawazisha kitambaa kabla ya kukikata. Akashusha kalamu kutoka sikioni.

— Nikisaini, chumba ndiyo basi, akasema polepole. Kuna mwingine anakitaka, muuza simu.

— Chumba ni kuta nne, akasema Wakili.

— Tutakaa barazani mvua nyingine mbili, tatu.

— Mvua zinapita.

— Wewe hushoni, akasema Sindano, bila hasira, na kalamu ikabaki hewani.

Sikulipenda lile jibu la Wakili, lakini nilinyamaza, kwa sababu nilishaingia sana kwenye majeneza kuweza kurudi nyuma. Kati yetu sote mwenye fomu alikuwa Sindano peke yake. Hilo nililiona wakati ule ule, na nilifanya kosa la kutolisema.

Hapo akaja mwanamke mmoja ambaye hatukuwa tunamjua. Alivaa aproni yenye unga kifuani na kiunoni, kichwani kitambaa, kwapani mwiko mrefu uliofungwa kwenye gazeti. Alimwamkia Shangazi, akatuamkia na sisi, akasema ameanza kupika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, na jiko lake liko kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya duka la mchapishaji, tangu wiki iliyopita. Akaomba kahawa. Tukamsogezea nafasi kwa adabu. Alipotaka kukaa akakiona kikasha.

Alikichukua kwa namna ambayo sisi hatukuwahi kukichukua. Hakukigeuza juu chini wala hakukinusa. Alikifungua kwa kidole gumba, akakifunga, akakifungua tena, haraka, kama mtu ambaye tayari ana foleni mbele yake.

— Mchuzi ukikaa humu, hauvuji? akauliza.

Tukajibu wote kwa mara moja. Nikampa saa na dakika.

— Na vikipangwa vingi, kimoja juu ya kingine?

Wakili akajibu kwa unyenyekevu kwamba kinahimili mtu mzima, na kwamba yeye ni shahidi.

— Na nasikia hivi vinaoza?

— Wiki tisa, dada yangu, akasema Profesa. Na mbuzi hadhuriki.

Yule mwanamke akatabasamu. Nilimwona Sindano akijiweka sawa kwenye benchi, mabega yakapanda. Kwa kweli sote tulipanda. Siku tano za kazi, na sasa maswali yanakuja na majibu tunayo mfukoni. Kama angetuuliza habari za majeneza ningemjibu pia.

— Vizuri, akasema. Kimoja bei gani?

Wakili alimtazama Profesa. Profesa alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Shangazi, na Shangazi akaanza kupuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mwanamke alidhani hatukusikia. Akarudia taratibu kwamba anataka kujua kikasha kimoja kinauzwa bei gani, maana yeye kwa siku anafungia watu themanini, na kwa sasa anatumia mifuko ya nailoni kwa sababu ni ya bei ya chini mno, mia moja unaipata kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa. Angependa kuacha nailoni. Wateja wanalalamika chakula kinanuka mfuko. Lakini kila mlo una faida ndogo, na kikasha kikiila ile faida yote, basi anampikia mwenye kikasha.

— Bei itashuka, akasema Profesa. Wakizalisha kwa wingi.

— Kutoka ngapi?



Sindano aliipitia fomu kutoka juu mpaka chini, mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari. Kulikuwa na picha ya muwa, picha ya mtoto anacheka, mahali pa jina, mahali pa sahihi. Akaigeuza tena. Kisha akamgeukia yule mwanamke.

— Dada, wewe ungenunua kwa bei gani?

Alimwambia. Akamweleza na sababu, kwa sahani ngapi, kwa mchele kiasi gani, kwa mkaa kiasi gani, na ilimchukua muda mfupi kuliko alioutumia Wakili kukalia kikasha. Sindano alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Sijawahi kumwona akitusikiliza sisi hivyo.

— Siku tano, akasema, na sasa alikuwa anasema nasi. Kikasha hiki nakijua kuliko ninavyowajua wanangu. Nimekizika, nimekimwagia kahawa. Na mimi kazi yangu ni kuuza, mteja akishika suruali neno lake la kwanza ni bei gani.

— Haimaanishi kampuni ni mbaya, akasema Wakili.

— Sijasema mbaya. Huenda ni nzuri sana. Nitawauliza bei, na nitawauliza akina dada kama huyu ni wangapi wameshanunua. Ikiwa nzuri leo, hata mwakani watauza hisa. Lakini chumba kesho hakipo.

Akaikunja fomu mara nne, akampa yule mwanamke kikasha kilichobaki ajaribu kupakulia. Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyozoea, au labda wiki nzima nilikuwa namwona ameinama. Nilitaka kumwambia samahani. Nikamwambia tu kwamba chumba kina dirisha zuri, na kwamba nitamletea saa ya ukutani, bure.

— Asante, kaka, akasema. Hivi mwenye chumba saa hizi anapatikana wapi?

— Kwa kinyozi, tukajibu wote kwa pamoja, kwa uhakika, na tulikuwa tunajua kweli.