Historia ya Penina Matonya, Aliyetunza Anwani za Tovuti

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, nikiwa bado siamini kwamba ninayemsomea ni yeye.

Dada yetu Penina Ernest Matonya alizaliwa Mvumi tarehe 12 Machi 1970, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Kongwa hadi mwaka 1988, na baadaye stashahada ya kompyuta Dar es Salaam. Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Bwana Respicius, mtumishi wa serikali, wakajaliwa watoto wawili, Erick na Aneth.

Mwaka 2000 aliajiriwa na kampuni ya intaneti hapa Dodoma, akakabidhiwa ukurasa ambao wateja waliutumia kuweka anwani za tovuti zao. Mei 2004 aligundua kwamba ukurasa huo ulipokea chochote kilichoandikwa bila kukikagua, kiasi kwamba mteja aliyeongeza mstari wa maagizo ya kompyuta chini ya jina lake aliweza kuhamisha tovuti ya mwingine, anayeifungua akaletewa ukurasa mwingine kabisa, akawaonyesha wenzake kwa kuihamisha tovuti ya kampuni yenyewe, nao wakacheka, "Dada Penina, tukiibiwa mwizi tunamjua!" Aliomba ukurasa ufungwe, lakini mkurugenzi, Bwana Thobias, akataka asubiri Bunge la bajeti liishe, kwa kuwa msimu huo wateja walikuwa wengi.

Tarehe 21 Juni tovuti ya chuo kimoja ilihamishwa, yakatokea majina ya uongo ya waliochaguliwa kujiunga, vijana wakafika chuoni na matranka yao wakarudishwa getini, na dada yetu, kwa sababu ndiye aliyeonyesha njia, akasimamishwa kazi kama mhalifu.

Jumatano tarehe 7 Julai asubuhi alianguka jikoni kwa kiharusi, yeye ambaye hakuwahi kulalamika hata kichwa. Mchana Bwana Thobias akafika nyumbani kutuambia kwamba uchunguzi umembaini mteja aliyefanya kitendo kile, na Penina hana hatia. Hakuzinduka kuyasikia, akafariki tarehe 9 Julai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Area C, na wafanyakazi wenzake waliokuja.

Bwana Thobias atasimama baada yangu kutoa salamu za kampuni, na familia inamwomba, kabla ya rambirambi, ayaseme kwa sauti mbele ya Erick na Aneth maneno aliyotuambia sebuleni, maana walioambiwa vingine ni wengi, na wengine wako hapa.

Dada, lala kwa amani.