Prudencia Byabato na Neno Kabaidi

Mheshimiwa Padre, wazee wetu, wafiwa wenzangu, poleni sana, mimi ni Rugambwa, mdogo wake marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia, na mniwie radhi nikikwama, maana hata haya niliyoyaandika mwenyewe bado siyaamini.

Marehemu Dkt. Prudencia Byabato alizaliwa tarehe 14 Mei 1981, Kamachumu, Muleba, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, Ta Alexander Byabato, mkulima wa migomba, na mama yetu, Ma Specioza, aliyetutangulia mwaka 2003. Alimaliza shule ya msingi kijijini mwaka 1995, kidato cha sita Bukoba mwaka 2002, akapata shahada ya uhandisi Dar es Salaam mwaka 2006 na ya uzamivu Afrika Kusini mwaka 2015, kisha akaajiriwa na chuo kimoja hapa Mwanza, akifundisha na kuchunguza vyuma vya nikeli vinavyotengenezewa mapanga ya injini za ndege, yale mabapa yanayozunguka ndani yake.

Utafiti wake ulikuwa juu ya kabaidi, yaani vipunje vinavyojitengeneza ndani ya chuma hicho kaboni inapokutana na metali kama kromi, ambavyo vikikaa kimoja kimoja vinazuia chuma kisilegee kwenye moto mkali, mwenyewe alisema ni kama mawe unayoweka chini ya tairi la lori mlimani, ila joto likidumu miaka vinabadilika, vinaungana kuwa utando, na chuma kinapasuka. Yeye alitafuta namna ya kuvifanya vitulie.

Sasa neno hilo ndilo lililotuponza. Aliporudi nyumbani mwaka huo wa 2015 akaeleza kwa furaha kwamba amepata uzamivu wa kabaidi, Baba, aliyeijua kabaidi moja tu, ile wezi wa migombani na wachuuzi wanayoivishia ndizi changa, aliinuka mezani, akasema hakusomesha mtoto aje kuwa mwizi wa ndizi, na tangu siku hiyo hakupokea tena simu yake.

Marehemu alifunga ndoa na ndugu Antoni Malimi hapa Pasiansi tarehe 18 Septemba 2010, wakajaliwa Rebeka mwaka 2012, na mwaka 2017 mtoto wa kiume, ambaye pamoja na yote hayo alimpa jina la Baba, Alexander. Mwezi uliopita shemeji Antoni alikwenda Kamachumu na kipande cha panga la injini, akakiweka kwenye kiganja cha mzee, akamweleza taratibu, Baba akacheka, akalia, akasema kosa ni lake na atakuja kumwambia mwanawe mwenyewe, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025.

Alhamisi tarehe 9, akiwa kazini, Prudencia alishika kichwa ghafla, akakimbizwa hospitali, madaktari wakasema mshipa umepasuka kwenye ubongo, na jioni hiyo akafariki. Hakuwa mgonjwa jamani, asubuhi yake alipitia dukani kununua shuka za kitanda atakacholalia mzee!

Tuliogopa kumwambia Baba kwa simu, tukamwacha asafiri. Aliposhuka kwenye gari na kuona turubai na viti uwanjani, alitabasamu, akasema mmejisumbua bure kunifanyia sherehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Pasiansi ambao hawajalala kwao tangu Alhamisi, na walimu na wanafunzi wake, Mungu awabariki.

Dada, Baba amefika, amekaa hapa karibu na jeneza lako, na tumeshindwa kumnyanyua. Pumzika kwa amani, anakusemesha.